Tupeane uzoefu: haibridi kwa safari za kazini Kampala, inalipa au inakula mfuko?

Mwanzisha mada
Ndugu wa Kampala, Wakiso, Mukono na Entebbe, poleni na jamu. Kila kona siku hizi ni haibridi, magari ya injini ya petroli na mota ya umeme pamoja: Aqua na Prius za Toyota, Fit na Vezel za Honda, na kila mwenye Premio ya petroli anajiuliza kama ahamie huko. Tupeane uzoefu, ila kwa sharti moja: hadithi za jirani aliyenunua akajuta tuziache nje. Leteni namba, sehemu zinazokufa, namna ya kukagua kabla ya kulipa. Naanza na hili: anayetoka Mukono kila siku kwenda mjini anaokoa nini hasa?

Mhasibu wa Seeta
Mukono hadi katikati ya Kampala ni kama kilomita 21. Nenda rudi siku 22 za kazi, ongeza soko na kanisa au msikiti, unafika kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari la kawaida la 1500cc kwenye jamu ya Jinja Road lihesabu kilomita 10 kwa lita: lita 100. Aqua kwenye jamu hiyo hiyo ihesabu 18: lita 56. Tofauti ni lita 44. Kwa petroli ya shilingi 5,000 (weka bei ya pampu yako) ni 220,000 kwa mwezi, 2,640,000 kwa mwaka.

Sasa geuza. Anayeishi Ntinda na kufanya kazi Nakawa haendi hata kilomita 250 kwa mwezi. Anaokoa lita kumi tu, na pengine pungufu, maana injini inaamka kujipasha moto kila asubuhi na safari inaisha kabla haijapata moto. Huyo akae na gari lake.

Na msidanganywe na tangazo. Aqua ilipotoka Japani mwishoni mwa 2011 iliandikiwa kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha JC08. Hicho ni kipimo cha maabara, hakuna jamu ya Bweyogerere mle ndani.

Fundi wa Katwe
Mhasibu kapiga ndipo. Niongeze kwa nini jamu ndiyo shamba la haibridi. Kwenye mfumo wa Toyota injini inazimika gari likisimama, mota ya umeme inasogeza gari kwenye mwendo wa kinyonga, na ukikanyaga breki ile nguvu inarudi kwenye betri badala ya kuishia kwenye pedi kama joto. Breki nyingi, faida nyingi. Ukiingia Entebbe Expressway ukashika 100 mfululizo, hakuna cha kurudisha. Inabaki faida ya injini yenyewe kuwa ya kubana mafuta. Hapo tofauti inashuka kuwa kilomita 14 kwa lita dhidi ya 20, yaani lita 21 tu katika kilomita 1,000.

Vitu ambavyo havimo ndani yake, kwa hiyo haviharibiki: stata ya kawaida, oltaneta, klachi. Gia boksi yake ni gia za sayari na mota mbili, haina mkanda wa CVT wa kukatika. Mwageni oili yake ya ATF WS kila kilomita 80,000 hadi 100,000 hata kama muuzaji anasema ni ya maisha. Injini inataka 0W-20. Prius ya kizazi cha tatu (ZVW30, 1800cc) inachukua lita 4.2 pamoja na filta.

Mama Kyaliwajjala
Asante fundi, lakini sote tunaogopa kitu kimoja: betri. Nikiwa bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa) nimesimama mbele ya gari, nitajuaje kama ni nzima? Muuzaji anasema "mpya kabisa kutoka Japani."

Fundi wa Katwe
Mama, hapo ndipo pa kutumia muda. Siku ya kukagua mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika. Injini ikiwa ya baridi ndiyo inasema kweli.

Kanyaga breki, bonyeza kitufe, subiri neno READY. Injini itaamka baada ya sekunde chache ijipashe moto. Ikitikisika kwa nguvu kama imekosa plagi moja halafu ikatulia, na gari ni Prius ZVW30, simama hapo hapo. Hilo gari lina ugonjwa unaojulikana: kipoozeo cha EGR (njia inayorudisha moshi kwenye injini) kinaziba kwa masizi, gasketi ya kichwa inaungua, maji yanaingia kwenye silinda usiku. Angalia tangi la maji ya injini. Likipungua bila kuvuja nje, jibu umepata. Kwa ambaye tayari analo, EGR na mabomba yake yasafishwe kila kilomita 80,000 hivi. Ni kazi ya nusu siku, si ya kufungua injini.

Betri sasa. Weka picha ya betri kwenye dashibodi. Injini ikishapata moto, shika breki kwa nguvu, weka D, gusa mafuta kidogo: injini itachaji. Pau zikipanda kutoka mbili hadi karibu kujaa ndani ya dakika moja au mbili, usifurahi. Betri iliyopoteza ujazo ndiyo inayojaa haraka, kama jerikeni lililojaa mchanga. Kisha weka P, washa taa na AC, acha READY. Betri nzima inashuka polepole. Mbovu inaporomoka pau tatu kwa mpigo na injini inaamka tena upesi, inazima, inaamka.

Hatua ya mwisho, na usiiruke: kifaa cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) cha Bluetooth na programu ya Dr. Prius au Hybrid Assistant kwenye simu. Prius ina moduli 28 za volti 7.2, jumla 201.6, na kompyuta inazisoma mbili mbili kama bloku 14. Aqua ina moduli 20, volti 144. Endesha ukikanyaga mafuta kwa nguvu huku mtu wa pembeni anasoma. Bloku zikipishana sehemu ndogo ya volti, sawa. Bloku moja ikiachwa nyuma kwa volti nzima au zaidi, betri hiyo inaelekea msimbo wa hitilafu P0A80, yaani betri ibadilishwe.

Na wauzaji wajanja hufuta misimbo asubuhi kabla hujafika. Kwenye OBD kuna mstari wa umbali uliotembea tangu misimbo ifutwe. Ukiona kilomita 3 kwenye gari la zaidi ya 100,000, uliza ni nini kilifutwa.

Msomaji wa Nansana
Soko la spea la Kisekka wanabadilisha moduli moja au mbili kwa bei ya chini. Inafaa?

Fundi wa Katwe
Inafaa kumsogeza mtu mwezi mmoja au miwili. Moduli mpya ina ujazo wa 6.5Ah. Ukichomeka yenye 5 katikati ya zenye 3, ile yenye nguvu na zile dhaifu hazijai pamoja wala haziishi pamoja, na wiki chache baadaye inayofuata inakufa. Kama ni lazima, kila moduli ipimwe ujazo kwa chaja ya kuchaji na kumwaga mara tatu, zipangwe zinazolingana.

Kabla ya hapo fungueni mabamba ya shaba yanayounganisha moduli. Mara nyingi yameota kijani na msimbo unatoka kwa kutu tu. Yasugue yang'ae, rudisha nati kwa 5.4 Nm na si zaidi. Ukikaza kwa hasira unavunja shina la moduli na umeiua. Na kabla ya mkono wowote kuingia mle: zima gari, funguo mbali, chomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa, subiri dakika 10 kapasita za inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwenda kwenye mota) zimwage umeme, vaa glavu za umeme za volti 1,000. Glavu za kuoshea vyombo si glavu.

Dereva wa spesho
Niseme ya barabarani. Kwanza, jamuni msiweke N. Ukiwa N gari halichaji betri hata injini ikiwa inaunguruma. Kwenye foleni ya Clock Tower na AC inavuma, dakika chache tu betri imelala. Kaa D na breki, au P kama foleni imekufa kabisa.

Pili, betri ya Toyota inapozwa na hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma au chini yake. Mtu anaweka mifuko ya posho na matoke juu ya tundu hilo, betri inakosa pumzi. Na anayekaa barabara ya marramu, vumbi jekundu linavutwa mpaka kwenye feni. Feni ifunguliwe na kupigwa brashi kila miezi sita. Wa lami mara moja kwa mwaka inatosha. Madirisha juu na AC kidogo ni nafuu kuliko madirisha wazi na betri kwenye nyuzi 45.

Tatu, ni gari lililo chini. Aqua na Prius zina sentimita 14 tu toka chini. Maji ya Bwaise yakifurika, geuza. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Maji yakifika kwenye kiti umepoteza gari, si zulia.

Mama Kyaliwajjala
Na Honda? Fit inaonekana nafuu.

Fundi wa Katwe
Fit ya 2013 kuendelea (GP5) na Vezel ya wakati huo zina gia saba zenye klachi mbili kavu. Klachi kavu na jamu ya kupanda Nakasero haviongei lugha moja: inapata moto, dashibodi inakwambia usimame ipoe. Japani yenyewe waliziita mara kadhaa kurekebisha programu ya gia. Kwenye barabara iliyo wazi ni gari tamu na lina kasi. Kwa jamu ya kila siku, mimi namwelekeza mtu Aqua, au Axio na Fielder za haibridi, ambazo zinatumia injini ile ile ya 1NZ-FXE na betri ya volti 144. Spea za moja zinasaidia nyingine, na Axio ina buti la maana.

Mwagizaji
Kwa anayeagiza mwenyewe kupitia Mombasa: tangu 2018 sheria hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, na ushuru wa mazingira hukaa juu ya magari yenye umri. Kwa hiyo tazama mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa kusajiliwa Japani, vinaweza kupishana. Ingiza gari kwenye kikokotoo cha magari cha URA (mamlaka ya mapato) kabla ya kutuma hela, maana wanatumia thamani yao ya gari, si risiti yako. Prius ya kizazi cha pili, ya 2003 hadi 2009, hiyo utainunua hapa hapa tu, tena mkononi mwa mtu, na betri yake ya kwanza ihesabu imekwisha.

Karatasi ya mnada wa Japani: alama 4 na 3.5 zinafaa, R au RA ina maana liligongwa likatengenezwa. Kwa haibridi gari lililotembea kilomita 90,000 kwa miaka minane ni bora kuliko lililotembea 20,000 kwa miaka hiyo hiyo. Betri za NiMH, aina iliyomo humu, zinaumia kwa kulala kuliko kwa kazi ya wastani.

Fundi AC wa Ndeeba
Hili halisemwi na linaua magari. Kompresa ya AC ya Toyota haibridi ni ya umeme mkubwa, haiendeshwi na mkanda. Oili yake ni ND-11. Fundi wa kawaida akijaza gesi yenye oili ya PAG, oili ile inapitisha umeme, kinga ya waya inaharibika, gari linatoa msimbo P0AA6 wa umeme kuvuja na linaweza kugoma kuwaka READY. Hata mabomba ya geji yenye mabaki ya PAG yanatosha kuchafua. Mwulizeni fundi anatumia oili gani kabla hajafungua kifuniko. Akijibu "zote ni moja", chukueni ufunguo mwondoke na gari lenu.

Mwanzisha mada
Na mwenye barabara mbaya anayetaka gari lililoinuka? Harrier haibridi?

Mhasibu wa Seeta
Ile ya zamani ya 2005 ina V6 ya 3300cc. Ya 2013 kuendelea ni 2500cc. Mwenye Harrier ya kawaida atapata nafuu akihamia ile ya pili. Anayetoka Premio hatapata chochote, ananunua kimo. Hakuna dhambi, ila asiite ni kubana mafuta.

Kuhusu bei ya betri: ukitajiwa, igawanye kwa akiba yako ya mwezi. Betri ya milioni 4 kwa mtu wa Mukono ni miezi 18. Kwa wa Ntinda ni miaka sita na zaidi.

Dereva wa spesho
Msisahau betri ndogo ya 12V. Gari likigoma asubuhi, taa zote zinamulika hovyo, watu wanalia betri kubwa imekufa. Mara nyingi ni hii ndogo. Kwenye Prius iko butini kulia, na ni ya AGM yenye mpira wa kutolea gesi nje. Msiweke ya kawaida ya maji mle ndani. Gari likilala wiki mbili, liwashwe READY nusu saa.

Fundi wa Katwe
Na likifa njiani, breki-dauni ainue magurudumu ya mbele au alipakie lote. Magurudumu ya mbele yakizunguka, mota zinazunguka nayo na kuzalisha umeme. Kuvutwa kwa kamba toka Lugazi hadi Kampala kunaweza kuongeza inveta kwenye orodha ya spea. Pampu ya maji ya inveta pia, kabla sijasahau: kwenye Prius fungua boneti gari likiwa READY, chungulia tangi dogo la inveta. Maji yakiwa yanacheza, pampu ni nzima. Yakiwa yametulia tuli, badilisha pampu wiki hiyo hiyo, kabla msimbo P0A93 wa inveta kukosa kupoa haujaja.