Mwenzio akicheza mwendo haramu kwenye bakigamoni (mchezo wa ubao wa kete na dadu), unyamaze au useme?

Wakuu, leo naomba tujadili hili maana linanikera muda mrefu.

Majuzi kwenye mashindano jamaa karusha dadu zikaja 6-4. Kete yake ya nyuma kabisa ilikuwa bado kwangu, pointi ya 24 (pointi ni nafasi za ubaoni), akaikamata akaipeleka moja kwa moja mpaka kwa wenzake pointi ya 13, akagonga saa. Ile safari nimezoea kuiona kwa 6-5 kwa hiyo jicho likapita tu nikarusha zangu, ndo nashtuka, 24 mpaka 13 si ni hatua 11?? Yeye alikuwa na 10! Alitakiwa atue 14, peke yake, na kete iliyo peke yake inaliwa, nimle. Namwita mwamuzi ananiambia ukisharusha dadu mwendo wake umepita. Na sheria ndo hivyo kweli, jamaa mwenyewe kaomba radhi, mkono tu ulishazoea.

Hilo nimelimeza. Linalonishinda ni upande wa pili, kuna mashindano bado yanatumia kanuni ya zamani kwamba ukiona mwenzio kakosea unachagua mwenyewe, umrekebishe au uache ipite. Mfano karusha 3-3, anatakiwa acheze 3 mara nne, kacheza mara tatu ya nne kaisahau. Umeona kabisa, unanyamaza, unarusha, na kanuni inakulinda. Kwangu huu ni wizi wenye kibali. Mwendo haramu ukionekana kabla ya dadu zinazofuata urekebishwe, na aliyeuona aseme, basi.

---

Wizi tena mkuu? Ubao uko wazi, dadu ziko wazi, hujafichwa kitu. Kuhesabu ni sehemu ya mchezo. Nikicheza mwendo halali ila wa kijinga mbona hakuna anayenishtua?

---

Mwendo wa kijinga ni uamuzi wako, mwendo haramu haupo kwenye mchezo, hapo usichanganye kaka. Ila mi naona mwanzisha mada kasahau adhabu. Kwenye chesi kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ziko wazi, mwendo haramu wa kwanza mpinzani anaongezewa dakika 2, wa pili umepoteza gemu. Huku kwetu ukikamatwa unarudisha kete tu mnaendelea, kwa hiyo mwizi wa makusudi anajaribu bure, akikamatwa hapotezi kitu asipokamatwa kapata. Angalau iandikwe kila inapotokea, ikijirudia rudia ukatwe pointi za matokeo.

---

Hiyo ya "aliyeona aseme" mtaithibitishaje? Nikisema sikuona mtanifungua kichwa? Mwaminifu atasema kila mara, mjanja atapeta. Bora ya zamani, wote mko huru kunyamaza, hakuna unafiki.

---

Mkuu hapo umenigusa, kweli haithibitiki. Lakini angalia ya zamani inamfanya nini huyo mwaminifu wako. Mwenzie kakosea, inabidi akae apige hesabu kosa lenyewe linamfaidi nani ndo aamue afungue mdomo au la. Yaani kosa la mwenzako linakuwa zamu yako ya ziada! Halafu watazamaji wanne mmezungukwa nao wote wameona, na hawaruhusiwi hata kukohoa.

Kuhusu adhabu siafiki sana, makosa mengi si makusudi. Watu siku hizi wanacheza usiku kucha kwenye simu, programu haikubali mwendo haramu hata ukitaka, dadu kubwa ikiwa ndo pekee inayochezeka inakulazimisha, kete ikiwa imeliwa inakulazimisha uiingize kwanza. Mtu akija kwenye ubao wa kweli hana kabisa tabia ya kujikagua. Huyo ukimkata pointi unamwonea. Kuandika sawa, tuandike.

---

Na ikionekana aliyeandikwa mara sita makosa yote yanamfaidi yeye?

---

Huyo si mkono uliozoea mkuu, huyo mkateni. Mi tangu siku ile sigusi dadu zangu mpaka nizitazame zake kwanza kisha nihesabu kete ilikotoka. Saa yetu inatoa sekunde 12 za bure kila zamu, zinatosha kabisa, sema ile siku nilikuwa naongoza nina haraka ya kumaliza.