Naomba ushauri: valvu hii ya ECC83 imetoka kiwanda gani?

Wakuu, mzee wangu aliyekuwa fundi redio ameniachia valvu 2 za ECC83 (zile taa za kioo za kukuza sauti kwenye redio za zamani). Zote zimeandikwa Mullard, kampuni ya Uingereza, ila maandishi ya rangi siyaamini. Viwanda vilikuwa vinauziana mali na kubadilisha majina. Ya kwanza haina shida: chini ya kioo, karibu na pini, kuna msimbo wa kijivu uliofifia unaoanza na B, yaani kiwanda cha Blackburn, Uingereza. Ya pili ndiyo inanitesa. Nikiinamisha kwenye mwanga, pale penye B naona kama pembetatu ndogo, au ni mkwaruzo tu? Kitakoni haina alama ya umbo la almasi ya Telefunken, kampuni ya Ujerumani. Je, hiyo pembetatu ni alama ya kiwanda cha Heerlen, Uholanzi? Na vumbi nilitoeje bila kufuta msimbo?