Kivuli cha ndizi mbivu kwa makapeni za spiriti: zambarau inanigeukia tope

Mchoraji wa Uyole, Mbeya
Habari zenu wanasanaa. Ninachora mkungu wa ndizi mbivu kwa makapeni za spiriti, yaani kalamu nene zenye wino wa spiriti. Nimefundishwa kwamba kivuli cha njano hutiwa kwa zambarau, rangi pinzani yake (iliyo mkabala nayo kwenye gurudumu la rangi), wala si kwa nyeusi. Nimejaribu mara tatu, na kila mara ndizi zinaonekana zimeoza na karatasi inachubuka. Nianze na rangi ipi?

Mwalimu wa sanaa, Iringa
Ndugu yangu, wino huu haufuniki kama rangi ya mafuta: mwanga hupenya tabaka zote hadi kwenye karatasi na kurudi, kwa hiyo zambarau hupunguza ukali wa njano na kuivuta kuelekea kahawia au kijivu. Isitoshe, spiriti mpya huyeyusha wino uliotangulia hata kama umeshakauka, na ukisugua mara nyingi rangi zote mbili zinakuwa uji mmoja.

Mimi huanza na zambarau iliyopauka kabisa, penye kivuli tu, nikaiacha ikauke, kisha nikapitisha njano juu yake mara moja au mbili kwa mkono mwepesi. Kati ya mwanga na kivuli huweka njano iliyokolea, kwa maana wengi huruka kutoka njano hafifu hadi zambarau bila daraja, na hapo ndipo uozo unapoonekana. Ncha ya kalamu ya njano itabeba zambarau. Ichoree kwenye karatasi chakavu mpaka itoe njano safi.

Mkazi wa Tukuyu
Nakubaliana na mwalimu kuhusu ndizi, kwa sababu umbo la mviringo linataka kivuli laini. Ila nilipochora nguzo za mawe za Isimila, karibu na Iringa, nilitanguliza rangi ya chungwa na kumalizia na buluu iliyopauka, kwani kivuli cha jua kali kina ukingo mkali ambao sikutaka uyeyuke. Huku kwetu, baridi ya Juni na Julai huchelewesha wino kukauka, kwa hiyo usiharakishe tabaka la pili. Karatasi ya fotokopi haitakufaa. Tafuta nzito yenye uso laini, na uweke nyingine chini yake, maana wino hupenya.

Usisahau pia kivuli kinachoanguka mezani. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alieleza mwaka 1839 jinsi rangi pinzani zinavyokolezana zikiwekwa bega kwa bega. Ukiiweka zambarau hapo, kando ya ndizi, njano yako itang'aa bila kuguswa.

Mchoraji wa Uyole, Mbeya
Ahsanteni sana. Kumbe nilikuwa natanguliza njano na kusugua zambarau juu yake mara tano au sita. Nimejaribu ndizi moja kwa utaratibu wa mwalimu, na kivuli kimekaa. Kilichobaki ni kutafuta karatasi nzito.