Mjadala: Saa 48 za mkuu wa wilaya, zifutwe au zibaki?

Mleta mada

Ndugu zangu, hapa Tanzania Sheria ya Tawala za Mikoa, namba 19 ya 1997, inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Msimamo wangu ni kwamba yafutwe. Nasema hivyo bila chuki na mkuu wa wilaya yeyote aliyepo leo. Ninachopinga ni mfumo ulioyazaa mamlaka haya.

Wengi huanza kuhesabu 1962, zilipotungwa sheria za wakuu wa mikoa na wilaya. Turudi enzi za majimbo, wakati wa utawala wa Mwingereza. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Chifu, akisimamiwa na Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, aliweza kutoa amri karibu juu ya kila kitu: nani apike pombe, mti gani usikatwe, maji yasichafuliwe wapi, shamba lipandwe zao gani la kukinga njaa, nani asihame. Asiye na fedha ya kodi aliweza kulazimishwa kuilipa kwa jasho, kwenye kazi za umma.

Mkaidi alipelekwa kwenye baraza la chifu huyohuyo. Hapa ndipo naomba tutulie kidogo. Sheria ya mahakama za wenyeji ya 1929 iliziondoa kesi hizo mikononi mwa Mahakama Kuu. Rufaa ilitoka kwa chifu ikaenda kwa DC, kutoka kwa DC ikaenda kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa gavana. Wakili hakuruhusiwa kumtetea mtu kwenye mabaraza hayo. Sasa mfikirie mkulima wa Uluguru anayelazimishwa kuchimba matuta mlimani, kazi ya kuvunja mgongo, kwenye shamba ambalo yeye na wazee wake wamelilima miaka yote bila matuta. Akigoma, chifu anampiga faini. Akikata rufaa, anayemsikiliza ni DC, yule yule anayetaka matuta yachimbwe. Angeshinda vipi? Mwaka 1955 Waluguru walichoka, na kule Matombo vurugu zikaishia kwa mtu kuuawa.

Wapare nao wana yao. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru, ambayo makadirio yake yalifanywa kwa namna waliyoona haina haki. Walikaa hapo miezi kadhaa. Hawakuwa na mahakama ya kuiendea, ndiyo maana waliliendea boma, ofisi ya DC. Kodi ile ilifutwa 1946.

Baada ya Uhuru tulirekebisha nusu. Mwaka 1963 tuliondoa mamlaka ya machifu, na mwaka huohuo mahakama zikaunganishwa kuwa mfumo mmoja, zikatoka mikononi mwa utawala. Lakini sheria za 1962 za wakuu wa mikoa na wilaya zilibakiza uwezo wa kumweka mtu ndani, na ile ya 1997 ikaurithi. Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, historia yako nimeisoma yote na nakuheshimu kwa hiyo. Ila nimefanya kazi wilayani, kwenye eneo la wakulima na wafugaji. Ng'ombe wakiingia shambani jioni, kufikia usiku watu wameshika mapanga, na hakimu yuko mbali. Mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama. Akiwaweka ndani vinara wawili usiku ule, kijiji kinalala salama. Ukimnyang'anya uwezo huo unamwacha na nini? Tusimlinganishe na DC wa Mwingereza. Huyu ameteuliwa na Rais tuliyempigia kura.

Mchangiaji wa pili

Dada yangu ni mwalimu. Mkuu wa wilaya alifika shuleni kwao asubuhi, akamkosa mwalimu mkuu, na mwalimu huyo alipotokea, akaamuru apelekwe polisi. Alilala selo, kesho yake akaachiwa bila maelezo. Wanafunzi walimwona akipandishwa kwenye gari. Hebu niambieni, kuchelewa kazini kunavunja amani ya nani?

Niongeze jingine ambalo mleta mada hakuligusa. Sheria ya Uchawi ni ya 1928 na bado iko vitabuni. Inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu anayetuhumiwa akaishi mahali atakapopangiwa. Hilo nalo ni la enzi za majimbo, tena linamhusu mtu anayeweza kuwa bibi kizee tu asiye na wa kumsemea.

Mleta mada

Asante kwa hilo la Sheria ya Uchawi, ni kweli kabisa.

Nirudi kwa ndugu yangu wa wilayani, maana hoja yake ni nzito. Sheria ya 1997 inataka masharti: pawe na hatari ya kweli ya kuvunjika kwa amani, pasiwe na njia nyingine ya kuizuia, sababu ziandikwe, na mtu afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 48 au aachiwe. Kwenye kisa chako cha mapanga pengine masharti hayo yalitimia. Kwa mwalimu mkuu hakuna hata moja lililotimia, na bado mlango wa selo ulifungwa. Visa vya namna hiyo ndivyo vilivyowafanya hata viongozi wa juu serikalini wawaonye wakuu hawa hadharani. Na Tume ya Jaji Nyalali, iliyochunguza suala la vyama vingi miaka ya mwanzo ya 1990, ilizitaja sheria zile za 1962 kati ya sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa.

Kuhusu kuteuliwa na Rais, mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa sababu ya maandishi katika kijarida cha TANU yaliyowalaumu maDC kwa kutumia madaraka vibaya. Akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Hakulalamikia rangi ya ngozi yao peke yake. Alilalamikia ofisi moja kuwa na nguvu zote juu ya mwananchi.

Usiku ule wa mapanga mlikwenda na askari polisi, sivyo? Askari ana mamlaka yake mwenyewe ya kumkamata mtu anayetaka kumwaga damu, na sheria inamtaka amfikishe mahakamani ndani ya saa 24. Basi nieleze, ndugu yangu, amri ya mkuu wa wilaya iliongeza kitu gani ambacho askari wale hawakuwa nacho?