Tupeane uzoefu: tamthilia za Kikorea zinazoonyesha nyuma ya kamera, ipi ilikugusa na wapi?

Mama Sizoni
Wadau, habari za jioni. Nimemaliza Behind Every Star ya kituo cha tvN, ile ya 2022 ya mameneja wa wasanii, na usingizi umegoma. Asili yake ni ya Wafaransa, Dix pour cent. Wakorea wamefanya vilevile: mastaa wa kweli wanaingia kujiigiza wenyewe. Sehemu ya kwanza tu unamkuta Cho Yeo-jeong, yule mama tajiri wa Parasite, umri unamkosesha nafasi ya Hollywood na meneja wake hajui atamwambiaje. Nikabaki namtazama meneja, staa nikamsahau.
Sasa jamani, tusimwage majina matupu. Semeni ilikugusa wapi.

Fundi Sauti, Dar
Mimi nashika maiki kwenye seti za hapa mjini, kwa hiyo hizi kwangu ni kazi ninayoijua. The King of Dramas (kituo cha SBS, 2012) nilianza kuiangalia kwa kucheka. Mwanzoni tu kuna dereva wa pikipiki anakimbiza mkanda wa sehemu ya mwisho kituoni, muda wa kurusha umeshawadia. Anapata ajali. Prodyuza anafika pale, anachukua mkanda, anaondoka. Kicheko kiliisha.
Msidhani wametia chumvi sana. Wakorea kwa miaka mingi walirekodi huku wanarusha: skripti inafika kurasa chache chache, sehemu ya leo usiku bado inakatwa mchana. Hali ilianza kulegea baada ya sheria ya saa 52 za kazi kwa wiki, ile ya 2018, na baada ya wengi kuhamia kurekodi kila kitu kabla.
Sisi huku skripti inakuja kwa sauti ya WhatsApp. Mwigizaji anafundishwa maneno ndani ya gari, muongozaji anapiga kelele jua linazama, na mimi ndiye naambiwa "sauti tutarekebisha baadaye". Baadaye hiyo haijawahi kufika. Malipo nayo ni hadithi ya siku nyingine. Basi nilipoona Wakorea wenye hela zao wanalala kwenye viti vya basi la seti, nilimwita mke wangu aje aone, maana yeye alikuwa anadhani nadanganya.

Bi Rangi, Mombasa
Kaka Fundi pole, hiyo "baadaye" twaijua sote. Mie napamba maharusi na wakati mwingine wasanii wa video. Yangu ni The Producers ya kituo cha KBS, 2015, ya watengenezaji wa vipindi vya TV. Kim Soo-hyun anaigiza kijana mgeni kazini, hajui hata mlango wa kutokea, anatumwa akawaambie waigizaji akina mama kwamba hawatakiwi tena kwenye kipindi. Kati yao yuko Youn Yuh-jung! Huyohuyo aliyebeba Oscar 2021. Kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Halafu mwenzangu, yule mwimbaji IU ndani ya ile tamthilia: anaigiza staa mkubwa, gari, walinzi, na hana mtu wa kula naye. Mabibi harusi wangu wengine hukaa kwenye kiti hivyohivyo, wamezungukwa na watu na hakuna anayewauliza kama wamekula. Siku hizi nabeba mahamri mkobani.

Mpemba wa Muscat
Assalaam aleykum. Record of Youth, 2020. Wengi wameipenda kwa Park Bo-gum, mwigizaji mkuu, mimi kwa yule babu anayejifunza uanamitindo uzeeni huku mwanawe anakunja uso. Na lile la kijana kuitwa jeshini, ambako vijana wa kiume wa Korea hulazimika kwenda, si la kutunga tu. Park Bo-gum mwenyewe aliingia jeshi la majini tarehe 31 Agosti 2020, tamthilia ikaanza kurushwa Septemba, yeye yuko kambini.

Mbishi
Nyote mnasifia. Hizi tamthilia zinatengenezwa na tasnia ileile inayosimuliwa, zitajisema vibaya kiasi gani? Dream High (2011) binti yangu aliitazama akataka kwenda Seoul kuwa mwanafunzi wa kampuni ya muziki. Nikamsomea habari za TVXQ, kundi la waimbaji: mwaka 2009 watatu kati ya watano walikwenda mahakamani kupinga mkataba wa miaka 13 na kampuni yao. Mwaka huohuo ndipo mikataba ya mfano ya wasanii ikawekwa ukomo wa miaka 7. Hilo kwenye Dream High sikuliona, niliona kuimba na kulia.

Mama Sizoni
Mbishi hoja yako nzito, ila Dream High ni ya shule, umeionea. Binti amesemaje?

Mbishi
Amesema miaka 7 si mingi.

Kijana wa Subway
😂😂 Mimi niulize: kwa nini kila mtu kwenye hizi tamthilia anakula mkate wa kampuni moja, Subway?

Fundi Sauti, Dar
Vituo vikubwa vya Korea havikuruhusiwa kukata kipindi katikati kuweka tangazo mpaka Julai 2021. Tangazo likahamia mezani. Kwenye King of Dramas kuna ugomvi wa hilohilo, mdhamini anataka bidhaa yake ionekane na mwandishi anakataa.

Bi Rangi, Mombasa
Kuna mwenye On Air ya 2008, ile ya mwandishi Kim Eun-sook, yenye maandishi ya Kiingereza? Naitafuta tangu mwezi wa Ramadhani.

Mpemba wa Muscat
Ninayo, dada. Ila picha zake zina ukungu.

Bi Rangi, Mombasa
Nitumie hivyohivyo.