Tupeane uzoefu: Konami walivyotuacha watu wa PES, na namna ya kulilinda gemu tulilobaki nalo

Mwanzisha uzi, Sakina, Arusha

Wakuu, habari za Chuga na Moshi.

Vyumba vya gemu vya huku kwetu bado vinazungusha PES 2021, gemu la mpira la kampuni ya Konami ya Japani, kwenye PS4, na vingine PES 2013 kwenye PS3. Asiyeijua hii jamii anadhani watu hawana hela ya gemu jipya. Jipya ni la bure! eFootball, iliyochukua nafasi ya PES, ilitoka tarehe 30 Septemba 2021 bila bei, na watu bado wamekataa kuhama. Sababu ni kwamba uongozi wa Konami uling'oa vitu vilevile vilivyomfanya mtu ajiite wa PES: Master Ligi (unaongoza klabu yako msimu baada ya msimu), uhariri wa timu na jezi, na uhuru wa kucheza msimu mzima bila intaneti.

Siku ile ilipotoka ilikuwa na timu 9 tu. Nyuso za wachezaji zilitisha, mpira ulipita miguuni kama hauna uzito, na ndani ya siku chache ikawa gemu lenye maoni mabaya kuliko yote pale Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta. Konami wakaomba radhi. Toleo la 1.0 lililoahidiwa Novemba 2021 likasogezwa hadi Aprili 2022, na waliolipia kifurushi mapema wakarudishiwa fedha. Chanzo cha fujo kinaeleweka: walihama kutoka Fox Engine kwenda Unreal Engine, yaani walibadili programu ya msingi inayojenga gemu, wakati huohuo wakataka gemu moja lihudumie simu na mashine kama PlayStation na Xbox. PES 2021 yenyewe ilikuwa nyongeza ya msimu juu ya PES 2020, iliuzwa kwa bei ya chini, na sisi tukavumilia kwa sababu tuliambiwa muda huo unatumika kujenga kitu kikubwa. Hilo ndilo linalouma. Uvumilivu wetu ulichukuliwa, halafu kikaletwa kitu ambacho hakijaiva.

Naomba uzi uwe wa kazi. Mwenye ujuzi aweke kilichoharibika, kwa nini, na kinachofanyika. Matusi tuyaache.

Mdau wa Kaloleni, Arusha

Mkuu, ukianzia 2021 unaanzia katikati. Rudi 2015.

Mwaka huo Hideki Hayakawa alishika urais wa Konami Digital Entertainment na akasema wazi kwamba simu ndiko mambo yanakoelekea. Aprili mwaka huohuo wakafuta Silent Hills, gemu la kutisha lililokuwa likitengenezwa, na onyesho lake, P.T., likaondolewa kwenye duka la PlayStation. Aliyekuwa amelishusha kisha akalifuta hakuweza kulishusha tena. Desemba, Hideo Kojima, mtunzi wa magemu ya Metal Gear, akazuiwa kwenda kupokea tuzo ya gemu alilolitengeneza mwenyewe, na kabla mwaka haujaisha akawa ameondoka. Mwaka 2018 wakatoa Metal Gear Survive, ambamo nafasi ya pili ya kusevu mhusika ililipiwa kama dola 10. Nafasi ya kusevu! Mwaka huohuo mkataba wa UEFA uliodumu miaka 10 ukaisha, na PES 2019 ikaja bila Ligi ya Mabingwa.

Ukiyaweka pamoja unaona mstari mmoja. Kampuni hii ilianza 1969 Osaka kwa kukodisha na kukarabati masanduku ya muziki ya kutumbukiza sarafu, na leo ina mashine za kamari na vituo vya mazoezi. Gemu kwao ni biashara moja kati ya kadhaa, na walipoona simu inaingiza fedha kila siku, gemu la kununua mara moja likakosa mtetezi ndani ya ofisi.

Kwa haki, mwaka 2024 walitoa upya Silent Hill 2, iliyotengenezwa na Bloober Team ya Poland, na watu waliipokea vizuri. Kwa hiyo wakiamua wanaweza. Upande wa mpira bado hawajaamua.

Mdau wa Majengo, Moshi

Naongeza la simu, maana vijana wengi hapa wako huko. Tarehe 2 Juni 2022 PES 2021 ya simu iligeuzwa kuwa eFootball kwa apdeti. Hukuulizwa, ulisasisha, la zamani likaisha, na vikosi vilivyojengwa kwa miaka havikuhamia.

Sasa hesabu ya sarafu za ndani ya gemu, zinazotumika kuzungusha sanduku la bahati nasibu la wachezaji, watu waache kubahatisha. Sanduku la kawaida la Epic lina wachezaji 150, Epic (wale adimu wanaotafutwa) wakiwa 3. Kuzungusha mara moja ni sarafu 100, mara kumi kwa pamoja ni 900. Aliyetoka harudi sandukuni. Ukizungusha mara 10, nafasi ya kutoka bila Epic hata mmoja ni asilimia 81. Mara 50, yaani sarafu 4,500, bado kuna asilimia 29 ya kutoka mikono mitupu. Kama unamtaka mmoja maalum, mizunguko 50 inakupa nafasi moja kati ya tatu. Uhakika wa kuwapata wote unakuja ukimaliza sanduku zima: sarafu 13,500. Soma idadi iliyoandikwa kwenye sanduku kabla ya kugusa kitufe, kwa kuwa si masanduku yote yanafanana, halafu piga hesabu hii upya.

Sarafu za bure za matukio ya kila wiki zirundike. Usizitumie 100 moja moja, kwa sababu kumi kwa pamoja zinakupa mzunguko mmoja bure.

Fundi wa Kijenge, Arusha

Haya, tuje kwenye dawa. PES 2021 ya PS4 inapokea opsheni faili, yaani majina, nembo na jezi halisi, pamoja na vikosi vilivyosasishwa na mashabiki. Man Blue, jina la kubuni la ndani ya gemu, anarudi kuwa Manchester City. Bundesliga, ambayo Konami hawakuwa na leseni yake, inakaa mahali pa ligi ya kubuni.

Flashi ifomatiwe kwa FAT32 au exFAT. NTFS haisomwi na PS4, na hapo ndipo nusu ya watu wanakwama wakidhani faili ni bovu. Tengeneza folda moja tu iitwe WEPES, herufi kubwa zote, iwe nje kabisa kwenye flashi. Ukifungua zipu, kagua: mara nyingi inakuja WEPES ndani ya WEPES, na gemu litakuambia hakuna kitu. Toa ile ya ndani, ndiyo yenye mafaili.

Kabla ya kuingiza chochote, shusha data pack (sasisho rasmi la gemu) ya mwisho. Ukiingiza kwanza halafu data pack ikaja baadaye, vikosi vinavurugika na itabidi urudie. Kisha ingia Edit, Import/Export, anza na nembo za ligi, ndipo uende Import Team. Chagua mafaili yote, fungua mipangilio ya kina, weka tiki mbili: ya kutumia data za wachezaji na vikosi, na ya kuandika juu ya picha zenye jina lilelile. Ukisahau ya kwanza utapata jezi mpya na kikosi cha zamani. Ukisahau ya pili, jezi za msimu uliopita zitabaki pale pale.

Usizime wala usiguse pedi mpaka imalize. Timu ni nyingi na picha ni nyingi, inachukua muda.

Wenye Xbox One, poleni. Upande huo hauruhusu kuingiza picha kabisa, mnabaki na kuhariri majina kwa mkono.

Mdau wa Kaloleni, Arusha

Fundi, ongeza hapo: usajili mpya hauingii kwenye Master Ligi iliyokwisha kuanzishwa. Ingiza faili kwanza, kagua timu mbili tatu, ndipo uanze kazi mpya. Na ukiulizwa kuhusu laivu apdeti (vikosi vinavyosasishwa kwa mtandao), chagua isitumike.

Fundi wa Kijenge, Arusha

Sawa kabisa mkuu. Nimalizie na wanaotaka Simba na Yanga. Chukua timu ndogo usiyoihitaji, ihariri. Picha ya jezi iwe 2048 kwa 2048. Uwezo wa mchezaji unakwenda 40 hadi 99, na kosa kubwa ninaloliona kwenye mafaili yanayozunguka mjini ni kumpa kila mshambuliaji wa nyumbani kasi 95. Matokeo yake Master Ligi inaharibika: klabu za Ulaya zinamnunua msimu wa kwanza, na mechi za Kariakoo zinakuwa mbio tupu. Weka wengi kati ya 65 na 75, halafu watofautishe kwa vitu vidogo: mguu dhaifu una ngazi 1 hadi 4, hali ya mchezo 1 hadi 8, ukinzani wa majeraha 1 hadi 3. Beki mzee mwenye akili mpe ulinzi mzuri na stamina ndogo. Hapo dabi inakuwa dabi.

Mdau wa Soweto, Moshi

Mangi wangu, yote hayo yanapotea kwa umeme mmoja ukikatika wakati alama ya kusevu inazunguka. Faili linaharibika, msimu umekwenda. Sevu Master Ligi kwenye nafasi mbili kwa zamu, leo ya kwanza, kesho ya pili, ili moja ikifa nyingine iko nyuma kwa siku moja tu. Kila wiki nakili kwenye flashi kupitia mipangilio ya PS4, sehemu ya data zilizosevuwa. Kumbuka data hizo zimefungwa kwenye akaunti yako, kwa hiyo kumpa jirani flashi ya sevu hakumsaidii. Mpe folda ya WEPES aingize mwenyewe.

UPS (betri ya akiba ya umeme) ya 650VA inatosha. PS4 Slim na TV ya inchi 32 kwa pamoja hazifiki wati 150 kwa kawaida, unapata dakika kadhaa za kusevu na kuzima kwa utaratibu.

Mdau mwingine, Unga Limited, Arusha

Mimi natofautiana kidogo. eFootball ya sasa uwanjani si ile ya 2021, pasi na kugeuka vimekuwa vizuri, na kwa simu ya kawaida hakuna mpira bora wa bure. Hata FIFA, baada ya kuachana na EA, kampuni iliyokuwa ikitengeneza gemu la FIFA, waliichukua kwa mashindano yao ya mtandaoni mwaka 2024. Tusiliponde gemu lote.

Mwanzisha uzi, Sakina, Arusha

Kaka, uwanjani nakubaliana nawe. Lakini Master Ligi walisema itakuja 2023, mwaka ukapita bila neno la maana. Mtu aliyelea Castolo na Minanda, wachezaji wa kubuni wa Master Ligi, tangu PS2 haombi picha nzuri zaidi. Anaomba ile kazi ya kuanza na kikosi dhaifu daraja la pili na kupanda nacho. Walikuwa nayo mkononi, tena imekamilika, wakaiweka pembeni.

Fundi wa Kijenge, Arusha

Jambo moja nilisahau, na ni la wenye PS4 za zamani. Ndani kuna betri ndogo ya saa, CR2032. Ikifa kwenye mashine isiyounganishwa na mtandao, programu za zamani za PS4 zinakataa kufungua gemu, hata la diski. Toleo la 9.00 la Septemba 2021 liliondoa tatizo hilo. Kwa hiyo sasisha mashine ifike 9.00 au zaidi, na betri ikiisha badilisha. Ukiwa ndani ya mashine, ondoa vumbi la feni kwa brashi laini. Na PES 2021 ikishakaa kwenye hard disk ya mashine pamoja na data pack yake, usiifute kutafuta nafasi. Diski unayo, lakini data pack inashushwa mtandaoni.