Mende katika nyumba ya kupanga: jeli, dawa ya kupulizia au kufukiza?

Mpangaji_Kireka
Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Kireka, karibu na Kampala nchini Uganda, katika jengo la ghorofa lenye wapangaji kumi na wawili, na huu ni mwezi wa nne tangu mende waingie jikoni kwangu. Ni wale wadogo, wa rangi ya kahawia hafifu, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Nimemaliza makopo matatu ya dawa ya kupulizia. Kila mara wanapungua kwa siku chache kisha wanarudi, na sasa nimewakuta hata ndani ya redio na nyuma ya fremu ya mlango wa chumba cha watoto. Mwanangu wa pili ana pumu, kwa hiyo sipendi kuendelea kuijaza nyumba dawa. Nimebaki nikipima njia tatu: kubadilisha aina ya dawa ya kupulizia, kununua jeli ya chambo, au kumlipa mtu aje kufukiza, yaani kupulizia nyumba nzima kwa bomba. Naomba kusikia kutoka kwa waliojaribu zaidi ya njia moja wakiwa wapangaji, kwa maana anayeishi peke yake katika kiwanja chake hashirikiani ukuta na mtu.

Dada_wa_Ntinda
Pole sana, ndugu. Mende hao unaowaeleza huitwa mende wa Kijerumani, na ndio wagumu kuliko wote, kwa sababu jike hubeba mfuko wenye mayai 30 hadi 40 mpaka yanapokaribia kuanguliwa, na mfuko huo huyakinga mayai dhidi ya dawa nyingi. Unapopulizia, unaua wale waliotoka nje, na waliobaki wanakimbilia mbali zaidi. Ndivyo walivyofika kwenye chumba cha watoto. Isitoshe, mende hawa katika sehemu nyingi za dunia wamekwisha kuzoea dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ndizo zilizomo katika makopo mengi, kwa hiyo kubadilisha kopo bila kubadilisha kiambato hakusaidii.

Mimi nilihamia kwenye jeli yenye sumu ya wadudu iitwayo fiproni. Mende anaila, hafi papo hapo, anarudi mafichoni, na wadogo wanaokula kinyesi chake na mzoga wake nao wanakufa. Weka vitone vidogo kama punje ya choroko kwenye bawaba za kabati, chini ya sinki na nyuma ya friji, mahali ambapo mtoto hafikii, na usipulizie dawa yoyote karibu navyo, kwa kuwa harufu ya dawa huwafanya mende waikatae jeli. Kwangu ilichukua karibu wiki sita, nikiongeza vitone vipya kila vya zamani vilipokauka.

Mzee_Tororo
Dada amesema vyema, ila nisingeidharau kazi ya kufukiza. Katika nyumba niliyopanga zamani, mwenye nyumba aliwatoa wapangaji wote Jumamosi moja, vyumba vyote vikapuliziwa kwa bomba la mgongoni siku hiyohiyo, na kazi ikarudiwa baada ya wiki tatu ili kuwapata waliokuwa wameanguliwa. Mende walikwisha. Nilipohamia mahali pengine nikalipia chumba changu peke yangu, fedha zilipotea, kwa sababu mende walihamia kwa jirani na wakarudi mwezi uliofuata. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kuuliza bei, uliza ni milango mingapi itafunguliwa siku hiyo.

Fundi_Mabomba
Naongeza jambo moja la upande wangu. Mahali bomba linapopita ukutani chini ya sinki, mara nyingi fundi huacha tundu linalopitisha ngumi nzima, na tundu hilo ndilo njia ya mende kutoka nyumba hadi nyumba. Lizibe kwa saruji au silikoni kabla ya kuweka jeli. Rekebisha pia bomba linalovuja, maana mende huweza kukaa muda mrefu bila chakula lakini hawavumilii kukosa maji. Wale mende wakubwa wekundu ni habari nyingine. Hao hutoka kwenye mifereji na mashimo ya choo, na kifuniko kizuri cha mfereji huwapunguza kuliko jeli.

Mama_Ashraf
Mimi ninakuomba jambo moja kama mama. Usinunue dawa ya wachuuzi wanaopita na kipaza sauti, hasa ile ya chupa ndogo isiyo na lebo, wala chaki ya mende. Mara nyingi chupa hizo huwa na diklovosi, sumu inayoshambulia neva za binadamu kama inavyoshambulia za mdudu, na mvuke wake ni hatari zaidi kwa mtoto mwenye pumu. Chaki nayo mtoto huidhania ya shuleni. Hata hivyo, usiwaache mende kwa kuogopa dawa, kwa sababu kinyesi chao na magamba yao huamsha pumu vilevile. Kila jioni funika mabaki ya posho (ugali), toa maganda ya matoke nje, na usihifadhi maboksi ya dukani ndani, kwani mende hujificha katika mikunjo yake.

Mpangaji_Kireka
Nimewashukuru nyote, hasa mama kwa kumkumbuka mwanangu. Nimeamua kuacha makopo kabisa na kuanza na jeli, baada ya kuziba lile tundu la chini ya sinki, ambalo nimelikagua leo na kweli linapitisha mkono. Kwa mwenye nyumba nitaandika barua badala ya kupiga simu, nikimkumbusha kwamba sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji inamtaka akodishe nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu, na nitawaomba majirani watie saini pamoja nami. Wanne wamekwisha kukubali. Yule wa mlango wa mkono wa kushoto, ambaye ukuta wa jiko lake ndio wangu, bado sijampata nyumbani. Nitamsubiri jioni hii.